Zamu ya Ijumaa

Barua ya kamati ilikuwa na mistari minne. Ilisema imethibitika kwamba mchezaji I. Lumb wa klabu ya raga ya Oakenroyd hakuwa kazini siku ya Ijumaa, tarehe 17 Machi 1899; kwamba kifungu cha kazi kiko wazi; kwamba kwa hiyo mchezaji huyo amefungiwa mpaka kamati itakapoamua vinginevyo. Chini yake katibu alitia sahihi yenye mikia mirefu. Habari ya mtu aliyekufa haikuwemo, na neno pole halikuwemo. Mama aliishika barua ile kwa ncha za vidole, akaiweka mezani, kisha akaenda kunawa mikono.

Mimi nilikuwa kitandani jikoni, mguu umefungwa vibao viwili, nikaapa kwa sauti kwamba siku nitakayosimama nitamng'oa katibu yule meno. Kaka yangu Irvin, ambaye ndiye barua ilimhusu, alikuwa anakata mkate, akaendelea kuukata hata baada ya kila mtu kupata kipande chake.

Miaka arobaini imepita na hasira ile bado ninayo, mbichi kabisa. Irvin tulimzika mwaka jana. Watu wa klabu walikuja na shada la maua, wakazungumza vizuri kuhusu winga mkubwa wa zamani aliyeponzwa na goti. Nilisimama pale nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali. Halikuwa goti, na nimechoka kuitikia.

Irvin alianza kuichezea Oakenroyd akiwa na miaka kumi na minane. Hakuwa mkubwa wa mwili. Alikuwa na namna ya kubadili mguu katikati ya mbio, na mtu aliyekuja kumkumba alijikuta amekumbatia hewa. Wenyeji wa viwanja vingine walimchukia kwa furaha. "Lumb! Mama yako anakuita, uji umepoa!" walimpigia kelele kutoka ukingoni, naye akishafunga trai, mpira ameulaza nyuma ya mstari wao, aliwapungia mkono na kuwajibu, "Mwambieni anaweza kuwapa ninyi, mnaonekana mna njaa!" Wiki nzima alikuwa chini ya ardhi akichimba makaa pamoja nami. Jumamosi alitoka zamu adhuhuri, akala mkate uliopakwa mafuta ya nyama huku anatembea, akaingia uwanjani na masizi bado yamemkaa kwenye kope. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na hakutaka mengine.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili klabu zetu za kaskazini zilipojitenga na mabwana wa London. Mabwana wale walisema mchezaji wa kweli hapokei hata senti, hata fidia ya zamu aliyoikosa kwa ajili ya mechi. Ni rahisi kusema hivyo kama mgodi ni wa baba yako. Tulijitenga, na usiku ule tulicheza ngoma barabarani mpaka polisi wakachoka kutufukuza. Tulidhani sasa mchezo ni wetu.

Miaka mitatu haikuisha, viongozi wetu wenyewe wakakaa hotelini wakatunga kifungu cha kazi. Hawakuwa wachimbaji wala wafumaji. Walikuwa wauza vitambaa, wenye baa na mameneja wa viwanda, na waliona aibu, waliogopa kule London watasema timu zetu zimejaa wazururaji. Basi wakaamua kwamba kila mchezaji lazima awe na kazi halali na aingie kila zamu ya wiki. Akikosa hata moja, Jumamosi hachezi. Yaani tuliwakimbia watu waliotukataza kulipwa zamu tuliyoikosa, tukaangukia mikononi mwa watu waliotukataza kuikosa.

Machi ile Oakenroyd ilifika nusu fainali ya kombe kwa mara ya kwanza. Jumamosi moja kabla yake, fowadi mmoja wa Lancashire, mtu wa kilo mia na zaidi, alimwangukia Irvin kwenye goti la kulia. Jumatatu alishuka mgodini hivyo hivyo. Tafadhali fahamu kwamba sehemu yetu ya kuchimba, kimo chake kilikuwa chini ya futi nne. Hakuna kusimama humo. Unapiga magoti asubuhi, unapiga magoti mpaka mwisho wa zamu, na Irvin alipiga magoti juu ya goti lile Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Alhamisi jioni mama alipolifungua lilikuwa limeumuka kama mkate.

"Kesho usishuke," nilimwambia. "Ukilipumzisha siku moja, Jumamosi utakimbia."

"Acha utani, Clem. Katibu Tattersfield ana mtu wake pale langoni. Anazunguka migodi yote na daftari lake kuuliza nani kaingia nani hakuingia."

"Anauliza chumba cha taa. Anahesabu taa. Vichwa havihesabu."

Irvin alinitazama kwa muda. Mama aliacha kukamua kitambaa cha maji ya moto. Sote watatu tulijua nilichokuwa nakisema, na sote tulijua hakisemwi.

Katika mgodi wetu kila mtu alikuwa na taa yake yenye namba. Ukiingia unaichukua kwenye ndoano, ukitoka unairudisha. Ndoano ikiwa tupu, uko chini. Hakukuwa na njia nyingine ya kujua. Watu walidanganya kuhusu uzito wa makaa, kuhusu wake zao, kuhusu samaki waliowavua kwenye mfereji, lakini taa hakuna aliyeichezea. Mtu mlevi kuliko wote Oakenroyd, aliyesahau jina la mtoto wake, alirudisha taa yake kwenye ndoano yake.

"Ni nusu fainali, kaka," nilisema. "Utapata nyingine lini?"

"Sijui," alisema. Halafu akasema, "Haya." Wazo lilikuwa langu. Yeye alisema haya tu.

Ijumaa alfajiri kwenye dirisha la taa palikuwa na msukumano kama kawaida. Mzee Wilf alinipa taa yangu. Nikamwambia anipe na ya Irvin, yuko chooni.

"Mwambie apunguze kabeji," alisema Wilf huku anaishusha. "Kesho tunamtaka mwepesi." Watu waliokuwa nyuma yangu wakacheka, nami nikacheka.

Chini niliitundika taa yake kwenye nguzo, nikaanza kuchimba kwa ajili ya watu wawili. Msimamizi wetu, Ackroyd, alipita saa mbili, nikamwambia Irvin amekwenda kutafuta nguzo za kuegemeza dari. Akaamini, kwa nini asiamini? Nilikuwa na raha, ni lazima niseme ukweli. Nilichimba nikipiga mluzi. Kila toroli niliyoijaza niliona Irvin anabadili mguu, anapita, anakwenda kona ile.

Saa nne hivi nilisukuma toroli nikitoka nayo kwenda njia kuu, taa ya Irvin nikaiacha inawaka mle ndani. Nilisikia nguzo inalia nyuma yangu. Halafu dari yote ya sehemu yetu ilishuka, na jiwe lililotangulia likanikamata mguu pale pale penye mdomo wa kutokea, nikiwa karibu kupona.

Watu walinivuta, wakanilaza pembeni ya reli. Ackroyd alipiga magoti, taa yake usoni pangu. "Clem! Clem, nisikie! Irvin yuko ndani?"

Nilimsikia vizuri. Niliona hata vumbi kwenye masharubu yake. Nilikuwa na maumivu, lakini akili zilikuwepo, zilikuwepo zote, na hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Jibu lilikuwa neno moja. Nikamwona yule mtu wa langoni na daftari lake. Nikamwona Irvin kesho yake amesimama nje ya uwanja na nguo zake za kanisani, anasikiliza kelele za wenzake. Nikajiambia, watachimba nusu saa, watafungua, hawatakuta mtu, na mpaka hapo nitakuwa nimepata la kusema. Nitasema alipanda mapema, kaumwa tumbo. Ulikuwa mpango wa mjinga, na mjinga yule alifumba macho.

"Kazimia," alisema Ackroyd. "Taa yake ile pale, naona mwanga wake kwenye ufa. Yumo ndani! Leteni mapauro!"

Wa kwanza kufika alikuwa Enoch Haigh wa sehemu ya jirani. Enoch alikuwa na miaka hamsini, mtu wa kanisa, mwembamba, na mchezo wetu aliuchukia kwa moyo wote. Kila Jumatatu alimpa Irvin mahubiri. "Mungu amekupa mapafu ya kumwimbia, wewe unayamalizia kwenye ngozi yenye upepo." Na kila Jumatatu Irvin alimjibu, "Mzee Enoch, njoo siku moja tu, ukiniona nakimbia utaokoka upya." Walitaniana hivyo miaka saba, na sidhani kama walikuwa marafiki.

"Nipisheni mimi," nilimsikia Enoch akisema. "Ninyi wote mna miili mikubwa, hampiti. Mimi napita."

Akaingia kwa tumbo kwenye ufa. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilimsikia anahema, nilimsikia anasukuma mawe, na nilimsikia anaita. "Irvin! Irvin, mwanangu, gonga kitu nikusikie!" Hakuwa amewahi kumwita mwanangu. Aliita, akanyamaza kusikiliza, akaita tena. Watu wote njiani walinyamaza pamoja naye ili asikie, na mimi nikanyamaza pamoja nao.

Nilifumbua macho. Nilisema moyoni, akiita tena nitasema. Akaita tena. Nikasema, mara moja zaidi.

Dari ilishuka mara ya pili.

Yaliyotokea juu nilihadithiwa na mama. King'ora kilipolia, Irvin alikuwa ameweka mguu kwenye kiti. Jirani alipita anapiga kelele kwamba ni sehemu ya akina Lumb. Mama alifikiri juu yangu, na bado, Mungu amsamehe, alisimama mlangoni akamwambia Irvin, "Nitakwenda mimi. Wewe ukionekana, basi tena." Irvin alimsogeza kwa mikono miwili kama anayesogeza kabati. Alitoka na shati la kulalia, bila fimbo, akakimbia kwenye barabara yote ya kanisani juu ya goti lile, mchana kweupe, akipiga mayowe. "Niko hapa! Waambieni mimi niko hapa! Hakuna mtu mle ndani!" Mama alisema hajawahi kumwona akikimbia vile, hata uwanjani.

Langoni wanawake walikuwa wamejaa. Hannah Haigh, mke wa Enoch, ndiye aliyemwona kwanza. Akamkumbatia. "Uko hai," alimwambia. "Uko hai, mwanangu, Bwana asifiwe." Hakujua bado kwamba mumewe ndiye aliyeingia kumtafuta. Yule mtu wa daftari naye alikuwepo, na mama aliniapia kwamba aliandika pale pale, na penseli aliilamba kwanza.

Lifti ilishuka na ujumbe. Uchunguzi ulisema ujumbe ulimfikia Ackroyd dakika saba baada ya anguko la pili. Dakika saba! Magazeti yaliirudia namba hiyo kama vile Mungu ndiye aliyeipanga. Mimi pale chini nilikuwa na zaidi ya robo saa, na sikuwa na haja ya lifti.

Jumamosi mechi ilichezwa. Wachezaji wetu walivaa vitambaa vyeusi mkononi kwa heshima ya Enoch Haigh, ambaye angevichana kwa meno kama angeviona. Kwenye winga alisimama kijana wa akiba. Tulifungwa kwa trai moja. Watu walitoka uwanjani wakisema, "Angekuwepo Lumb!" Jumanne barua ikaja.

Kwenye uchunguzi, nilikopelekwa kwa machela, niliapa kwa Biblia kwamba nilikuwa nimezimia. Hakuna aliyeniuliza mara mbili. Irvin alisimama baada yangu akasema taa alinituma yeye, mimi mdogo wake nilitii tu, na kosa lote ni lake. Alisema bila kunitazama. Mgodi ukamfukuza, akaenda kubeba matofali kwenye tanuri.

Nilipoweza kutembea kwa magongo nilikwenda kwa Tattersfield, dukani kwake, katikati ya marobota ya vitambaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima.

"Mfungulie kaka yangu," nilisema. "Mtu amekufa. Irvin mwenyewe ndiye aliyekuja kusema. Angekaa kitako nyumbani usingejua."

"Ni kweli, nisingejua," alisema. Wala hakuwa mtu mkali, alikuwa mpole, alinivutia kiti nikakikataa. "Lakini nilijua. Nikimwachia mmoja, msimu ujao watakuja kumi na sababu zao."

"Nakwambia mtu amekufa, bwana!"

"Hilo ni la mgodi. La kwangu ni Ijumaa."

Gongo nilikuwa nalo mkononi. Meno yake yalikuwa pale pale. Nilimtukana matusi yote ninayoyajua, wateja wakatoka, na yeye akasubiri nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipite. Sikumpiga. Mkono ulikuwa mzito, na nilijua kwa nini ni mzito, nikazidi kumchukia kwa sababu hiyo. Mtu yule alipima maisha ya Irvin kwa siku moja ya kazi, sawa. Mimi nilipima maisha ya Enoch kwa mechi moja.

Walimfungulia baada ya misimu miwili. Klabu ilimpokea kwa bendi. Alicheza mechi nne, na watu wakaanza kusema ni goti. Nilikuwa ukingoni kila mara, niliona. Miguu ilikuwa mizima. Alipopata mpira alianza vile vile, anabadili mguu, anapita, na uwanja wote unasimama na kuita, "Irvin! Irvin!" Hapo ndipo alipopunguza mwendo. Kila alipoitwa jina, alipunguza, akageuza kichwa kidogo, kama mtu anayetaka kujua sauti imetoka wapi. Ackroyd alikuwa amemhadithia jinsi Enoch alivyokuwa anaita. Alidhani anamfanyia wema. Baada ya mechi ya nne alikunja jezi yake, akampa mama aipasue iwe vitambaa vya kufutia vyombo, na mama akaipasua.

Jumamosi zake sasa alizipeleka kwa Hannah Haigh. Alimpasulia kuni, alimlimia viazi, alimtengenezea bomba. Hannah alimkaribisha kila mara. Mimi hakuniona hata mara moja. Sikuweza.

Kifungu cha kazi kilifutwa mwaka 1905. Niliisoma habari hiyo gazetini, jikoni kwa Irvin, Jumapili asubuhi, mkewe amekwenda kanisani. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, nywele za pembeni zimeshaanza kuwa nyeupe kwa vumbi la tanuri na kwa mengine. Nikamsomea kwa sauti.

"Walijadiliana muda gani?" aliuliza.

"Haisemi. Inasema tu waliinua mikono baada ya chakula cha mchana."

Alicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, alikuwa anacheka kweli. "Chakula cha mchana," alisema. "Natumaini kilikuwa kitamu." Kisha akaacha kucheka. "Kwa hiyo ingekuwa leo, ningelala nyumbani Ijumaa yangu, na Jumamosi nikacheza."

"Ndiyo."

"Na Mzee Enoch angekuwepo. Angekuwa ananihubiria kesho."

Aliweka mkono wake begani pangu, mkono mgumu wa matofali, na hakuuondoa.

"Usijitese, mdogo wangu. Nakuona unavyojitesa. Mimi nilikuwa na miguu na nilichelewa kuitumia. Wewe ulikuwa umezimia. Ungefanya nini?"

Nilifungua mdomo. Alikuwa ananitazama, anasubiri. Nikamwambia anywe chai yake, inapoa.